Mfumo wa Bure Juu ya Duka la Sukari

Kwa muda mrefu, na ninaposema mrefu ninamaanisha miaka, niliamini kwamba ule mfumo wa kompyuta unaotolewa bure ulitengenezwa na wafungwa wa gereza la Luzira, hapa Kampala.

Aliyeniambia alikuwa mwenzangu wa dawati katika shule ya jioni, fundi wa simu aliyekaa Port Bell na ambaye hakuwahi kuingia darasani bila bisibisi mfukoni. Mtu mwenye bisibisi mfukoni utambishia nini? Alinifafanulia kwamba mfumo ni kile kitu kinachoiamsha kompyuta na kuiongoza kabla hujafungua chochote. Ule wa maofisini hununuliwa kwa bei ya ng'ombe na ndama wake, alisema, lakini huu wetu ni bure kwa sababu mfungwa halipwi mshahara. Yeye mwenyewe alikuwa ameona pale bandarini mabehewa yakishushwa melini, yamejaa kompyuta mpaka milango haifungi, yakivutwa moja kwa moja kuelekea gerezani.

Nilimeza yote, na wala sikuhitaji maji ya kusukumia. Kampala nzima inajua kwamba kitanda kilichotengenezwa gerezani hakivunjiki. Shangazi yangu anacho kimoja. Kimelea watoto wake wote, na siku upepo ulipong'oa paa, ukoo mzima ulijificha chini yake na mbuzi wakiwemo. Kama wale watu wanaweza kuunda kitanda namna hiyo, kompyuta itawashinda? Kisha nikaanza kujionea ushahidi mwenyewe. Mbona mfumo huu unakuuliza paswadi kila ukitaka kugusa kitu? Ni tabia ya askari wa getini. Mbona hauzimiki ovyo, unakaa tu miezi na miezi? Umezoea kifungo cha maisha. Na lile dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe, ambalo mafundi hulifungua na kuandika maneno ya siri? Hiyo nayo ni selo, unataka ushahidi gani mwingine?

"Lakini usimwulize Mwalimu," yule fundi akanionya. "Mambo ya gereza ni mambo ya serikali. Atakuogopa."

Mimi ni mtoto wa polisi, nimelelewa kambini, Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha gwaride. Sikuhitaji kuonywa mara ya pili. Tena kambini tulijua sheria moja: kiti chenye mhuri wa serikali hukipaki rangi, hukikati mguu, hukigusi. Ukikikuta kirefu, wewe ndiye unayejirefusha. Nikahamishia sheria hiyo kwenye kompyuta bila kumwuliza mtu. Kilivyotoka Luzira ndivyo kitakavyokaa.

Shule yetu ilikuwa Kamwokya, chumba kimoja kirefu juu ya duka la jumla, ngazi za chuma nje, na chini yake kelele za soko, spika za muziki, mashine ya kusaga karanga na wahubiri wawili walioshindana kutoka pembe mbili za barabara. Mwalimu aliianzisha yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba tulijifunza hesabu kwa kusoma midomo yake. Alifundisha waendesha bodaboda, wasichana wa kazi, walinzi wa usiku wanaoelekea lindo, na mimi, ambaye niliacha shule mchana na kuipata tena jioni. Siku nilipopewa cheti, nilipita nacho sokoni nimekiinua kama picha ya mgombea ubunge. Wauza ndizi walipiga vigelegele. Wengine wanasema walikuwa watatu tu. Mimi niliona umati.

Hapo ndipo Mwalimu aliponiita. Ofisi moja ilikuwa imempa kompyuta zake za zamani, akaziwekea ule mfumo wa bure kwa sababu ule mwingine zisingeuweza. Ungeziua kwa uzito na virusi. Alitaka mchana chumba kiwe wazi kwa majirani, na mimi nikiangalie.

"Kuna jambo," akasema. "Mama mwenye nyumba anakitaka chumba aweke magodoro. Nimemwomba. Amesema mvua zikiisha atapanda kuangalia. Akikuta watu wanakitumia, tunabaki. Akikuta viti vitupu, anachukua ufunguo."

"Na shule ya jioni?"

Mwalimu alitazama ubao. "Shule ni hiki chumba," akasema.

Yule mtu alinifundisha kugawanya sehemu nikiwa na ndevu, na hakuwahi kunicheka hata siku moja. Nikaapa kwamba kabla mvua hazijaisha nitakijaza kile chumba mpaka watu wakae dirishani.

Mama mwenye nyumba alikuwa Mkenya, ametoka upande wa Kakamega miaka mingi, mwenye duka lile la chini. Mwanamke wa sala na mizani. Alinipenda kwa sababu niliweza kuongea naye Kiswahili, lakini alilipenda duka lake zaidi.

Wateja wa kwanza walikuja, nakiri, na wakaondoka kwa kasi ya moto wa nyasi.

Wa kwanza alikuwa mzee tuliyemwita Afande. Hatukuwahi kumwuliza alikuwa askari wa wapi. Kampala, mzee wa kutoka kaskazini anayekuamkia kwa Kiswahili ni afande, basi, yamekwisha. Yeye alikuwa Mwislamu wa Arua na mkewe Mkatoliki wa Gulu, na shida yake ilikuwa ya mkewe: mama huyo aliimba kwaya, macho yamepungua, na kwaya ilisoma nyimbo kutoka karatasi zilizofifia. Afande alitaka kumwandikia nyimbo upya kwa herufi kubwa. Mwislamu wa watu, anapanda ngazi za chuma kwa ajili ya nyimbo za Bikira Maria! Nilimpenda papo hapo.

Alikaa, akainamia skrini mpaka pua ikaigusa.

"Hii mwandiko ni ya sisimizi?"

"Ndivyo ilivyokuja, Afande."

"Kuza."

"Haikuzwi, Afande. Iko na mhuri."

"Basi niletee sisimizi anisomee," akasema, akavaa kofia yake, akashuka.

Baada yake alikuja msichana anayetengeneza matangazo ya spika za soko, zile sauti za "nyanya, nyanya, mama njoo uone nyanya" zinazokuamsha asubuhi hata ukikaa mtaa wa tatu. Alitaka kurekodi sauti yake na kuiwekea ngoma. Nilimpa kompyuta ya kijivu, yenye vitufe vya kuandikia na kuhesabia, na hakuna zaidi.

"Ssebo," akaniita bwana kwa Kiganda cha adabu, "hii ni kompyuta au ni ofisi ya kodi?"

"Ni mfumo imara sana, nyabo. Hauvunjiki."

"Kwani nimekuja kuuvunja? Ngoma iko wapi?"

Ngoma haikuwepo. Akapuliza hewa kwa mashavu, akaenda.

Ikawa hivyo. Niliwasifia uimara, wakanionyesha visigino. Mwanafunzi wa uuguzi alikuja mara moja, fundi cherehani mara moja, na kila mmoja aliikuta kompyuta ileile, ya sura ileile, imesimama kama kuruta kwenye paredi. Nikawa nakaa peke yangu na mashine zinazonguruma, nikisikiliza mvua ikigonga mabati, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaiombea mvua isikome.

Mchana mmoja ilinyesha kama imetukanwa. Nilikuwa nimeshuka dukani kuchukua sukari ya chai, nikakwama hapo. Mama mwenye nyumba alikuwa amefungua gunia moja jipya, anachota na kufunga. Alichota kidogo sana, cha kikombe kimoja, akafunga ndani ya kaveera, kile kimfuko cha plastiki, na kutundika fundo juu ya mlango. Akachota zaidi, akafunga ya nusu kilo. Akajaza ndoo nzima, akaisukuma pembeni.

"Mama, sukari si ni ileile?" nikamwuliza. "Mbona unaihangaisha?"

"Wewe mtoto wa polisi, unafikiri mwanafunzi wa chumba cha kupanga atanunua ndoo?" Alifunga fundo kwa meno. "Hiki kidogo ni cha mwanafunzi. Hii ni ya mama mwenye watoto. Ndoo ni ya yule wa mandazi. Gunia ni moja, lakini ukimwonyesha mtu gunia anaogopa, anakimbilia kwa jirani yangu. Mimi namfungia lile lililo lake."

"Na kama anataka nyeupe zaidi?"

"Toka hapa na maswali yako, mvua imepungua."

Haikuwa imepungua, lakini nilitoka. Nilipanda zile ngazi nikiruka mbilimbili, nikaketi mbele ya kompyuta ya kwanza. Nilikuwa nimeshaona mara nyingi kwamba kulikuwa na mahali pa kubadilisha mambo. Nilikuwa napaogopa tu, kama mlango wa ofisi ya mkuu wa kituo. Nikafunga mlango wa chumba kwa komeo. Nikachungulia dirishani nione kama kuna gari la magereza. Halafu nikabonyeza.

Herufi zikakua.

Nilikaa pale nikingoja. Hakuna king'ora kilicholia. Nikazikuza tena, zikawa kubwa kama za bango la barabarani. Nikaondoa vitu vyote kwenye skrini isipokuwa kitufe cha kuandika, cha kuchapa kwenye printa, na cha kuzima. Kisha nikaenda kumtafuta Afande kwenye kibanda cha chai.

"Nimekuza," nikamnong'oneza.

"Mbona unanong'ona?"

"Twende tu, Afande."

Alipoona herufi zile alivuta kiti. Akaandika mstari wa kwanza kwa kidole kimoja, kila herufi kama anapiga mhuri, akauchapa, akaukunja mfukoni upande wa moyo. Kesho yake alirudi na mkewe. Yule mama alishika karatasi kwa mbali, mkono umenyooka, kisha akaimba ubeti wote palepale ngazini bila kukosea, na mhubiri mmoja wa barabarani akanyamaza kumsikiliza. Huo ni ukweli mtupu. Mhubiri wa pili, sitaki kudanganya, aliendelea.

Basi nikaingia kazini kama mtu aliyetoroka. Kila aliyekuja sasa nilimwuliza kwanza anataka kufanya nini, anaona vizuri, anaandika kwa lugha gani, ana haraka kiasi gani. Nilimfuata msichana wa matangazo mpaka sokoni kumwomba arudi. Nilikuwa nimegundua kwamba ndani ya ule mfumo huohuo kuna programu za muziki, nazo pia ni bure, zimekaa tu zinangoja mtu aziite. Nikampakia zote, nikageuza skrini ikawa nyeusi yenye mistari myekundu, kwa sababu aliniambia mbele ya rangi ya kijivu sauti yake hulala.

"Sasa hii ndiyo ina damu," akasema, akavaa vipokea sauti. Jioni ile soko lote la Kamwokya lilisikia nyanya zikitangazwa kwa ngoma mpya, na naweza kuapa kwamba nyanya zenyewe zilicheza.

Mwanafunzi wa uuguzi alitaka vitabu vyake na ukimya; nikamfungia kila kitu kinacholia. Fundi cherehani alitaka kuchora mitindo ya magauni, akapewa kalamu na rangi. Watu walianza kuitana. Wengine walikuja kutafuta "kompyuta ya mama wa kwaya", wengine "ile ya ngoma", na hakuna aliyejua, wala kutaka kujua, kwamba zote zilikuwa kitu kimoja. Mwalimu alikuja mapema jioni moja, akasimama mlangoni, akakosa kiti. Alisimama pale na chaki zake akitabasamu mpaka nikaona haya, nikajifanya naangalia nyaya.

Lakini roho yangu haikutulia. Usingizi wangu ulijaa askari magereza. Nilijua nimechezea mali ya Luzira kuanzia sakafuni hadi darini, na nilijiambia: wakija, watanichukua mimi, chumba kitabaki. Nilijiona shujaa. Nilifikiria hata nguo nitakazovaa.

Mvua zikaisha. Jua lilipowaka siku ya tatu mfululizo, nikasikia pikapu ikirudi nyuma mbele ya duka. Nikachungulia: magodoro. Wapagazi walikuwa wameshayabeba kichwani, wanapanda ngazi, na mbele yao mama mwenye nyumba amejifunga leso kiunoni.

Aliingia, akatazama. Chumba kilikuwa kimejaa. Afande alikuwa kwenye nyimbo zake, msichana wa matangazo anatikisa kichwa, na waliokosa viti wamekaa dirishani kama nilivyoapa. Mwalimu alisimama kando ya ubao.

"Watu wapo, sijakataa," mama akasema. "Lakini mimi ni mfanyabiashara, naangalia mbele. Wanasema hiki kitu ni cha bure. Cha bure hakina mwenyewe. Kesho kikigoma watatawanyika, na magodoro yangu yatakuwa yamepauka kwa jua huko nje. Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini nipe ufunguo."

Mwalimu aliingiza mkono mfukoni. Nikaruka katikati yao.

"Mama, kaa kwanza. Hii ni yako. Nilikufungia lililo lako."

Kwenye kona nilikuwa nimemtengenezea moja. Nilitafuta wiki nzima nini cha kumpa mwanamke aliye na kila kitu, mpaka nikakumbuka anavyolalamika kwamba miaka yote yuko Kampala anaongea Kiswahili na kujibiwa kwa mabega. Nikaingia kwenye orodha ya lugha. Kilikuwepo! Mfumo wote ulikubali kubadilika.

Alikaa kwa ukaidi, mkoba mapajani. Akasoma kwa sauti. "Faili. Hariri. Tafuta. Hifadhi." Akasogea karibu. "Je, unataka kuhifadhi kabla ya kufunga?" Akanigeukia. "Imeniuliza kwa adabu!"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe kuna mtu anayeongea Kiswahili katika mji huu!" Watu wakacheka, na yeye akacheka zaidi yao. Akaandika kwa vidole viwili, SUKARI IMEFIKA, nikamkuzia, nikamwekea rangi ya kijani, printa ikatoa. Aliinua karatasi juu ya kichwa chake, aione kila mtu. Kule ngazini wapagazi walikuwa wanahema chini ya magodoro. Nilimwona Mwalimu akitoa mkono mfukoni, hauna kitu, na moyo wangu ukapaa.

"Ni nani huyu aliyeiandika vizuri hivi?" mama akauliza. "Nimwombee."

Nilikuwa na furaha iliyopita kiasi. Furaha ya namna ile haichungi ulimi. "Wafungwa, mama," nikasema kwa fahari. "Wafungwa wa Luzira. Ndiyo maana ni imara kama vitanda vyao."

Vichwa vyote viligeuka. Hata msichana wa matangazo alivua vipokea sauti.

Mama aliiweka ile karatasi chini polepole na kujifuta vidole kwenye leso. "Jela?" akasema. "Mimi, mama wa kanisa, nimekaa hapa nagusagusa kazi ya mikono ya wezi? Na siri za duka langu niziweke humo ndani, wazione?" Akasimama. "Nyinyi wa ngazini! Leteni magodoro!"

Godoro la kwanza likaingia mlangoni. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla, na mimi nilitamani sakafu ipasuke niangukie kwenye sukari.

"Simama hapo na hiyo godoro," ikasema sauti.

Ilikuwa sauti ya kambini, na mpagazi akakauka. Afande alikuwa amesimama. Alinikazia macho.

"Wewe kijana, mimi nilikuwa askari magereza. Luzira. Niliingia na nywele, nikatoka na hii upara. Pale tulikuwa na karakana ya vitanda, viti na madawati. Kompyuta ilikuwa moja, ofisini kwa mkubwa, wanaifunika na kitambaa ya maua. Ikikataa kuwaka tulikuwa tunaita fundi kutoka mjini. Hakuna mfungwa alitengeneza hii kitu."

"Hakuna hata mmoja, Afande?"

"Hakuna."

Mama mwenye nyumba alinitazama, akamtazama Afande, akanitazama tena. Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mabega, mwisho akashika meza. "Mtoto wa polisi!" akasema akifuta machozi kwa leso ileile. "Ungeniharibia siku!" Akageukia mlango. "Shusheni hayo magodoro, yapelekeni nyumbani kwangu, yatalala chumba cha wageni. Mwalimu, huo ufunguo kaa nao." Akarudi kwenye kiti chake, akaivuta kibodi. "Lakini niambieni basi, ni nani aliyefanya kazi hii?"

Mwalimu alinijia na kuniwekea mkono begani. Alisema kwa sauti yake ile ya chini, nasi wote tukainamisha vichwa kumsikia.

"Ni watu tu, wako nchi mbalimbali, wengine majumbani kwao. Hicho Kiswahili hakikuandikwa na mashine. Kuna mtu alikaa akakiandika. Kila mmoja alitengeneza kipande alichokihitaji, akakiacha wazi ili anayekuja akibadilishe apendavyo. Hukuvunja sheria yoyote, mwanangu. Walikupa ili ukibadilishe."